Papa, ile neno uliniuliza kwa simu

Mwanangu, papa,

Juzi uliniuliza eneo la ushawishi ni nini, juu profesa alipita mbio pale, alafu unite zikaisha, basi nakuandikia tu.

Unakumbuka bale mama babili ba mukate pa avenyu yetu? Zamani balikuwa banagombana kila asubui. Siku moja bakasikilizana: weye mpaka kwa muti wa maembe, miye kuanzia pale mpaka kwa gudron, barabara ya lami. Kelele ikaisha, bantu bakafurahi. Kisha mukate ikaanza kupunguka, na ukivuka muti kwenda kununua kule, mama anakuambia "weye si wa huku, rudia kwa mwenzangu". Shiye benye kula mukate, hakuna mwenye alituuliza.

Njo ile. Si koloni, papa. Kwa koloni mukubwa anatuma gavana, analipisha kodi. Kwa eneo la ushawishi unabakia na bendera yako, na prezida yako, lakini bakubwa balishasikilizana bao kwa bao nani asiingie kwako. Oktoba 1944 Churchill, mukubwa wa Uingereza, alikuwa Moscow kwa Stalin, mukubwa wa Urusi, mwenyewe alieleza kisha, akaandika ku kipande ya karatasi: Romania ushawishi asilimia 90 kwa Urusi, Ugiriki asilimia 90 kwa Uingereza, Yugoslavia na Hungaria nusu kwa nusu, Stalin akaweka alama na kalamu ya bluu, basi. Ile Hungaria kisha ikabakia yote upande wa Moscow, 1956 ikataka kutoka, vifaru vikaingia Budapest, na Marekani ikalalamika kwa mudomo tu. Ilikuwa ngambo ingine ya muti.

Na kwetu je? 1890 Mwingereza Sharpe alifika Bunkeya, kwa Msiri, mfalme wa Katanga yetu, na karatasi ya kumutia chini ya Uingereza, Msiri akakataa kuweka sinyatire. Desemba 1891 bantu ba Leopold, mfalme wa Ubelgiji, bakamuua. Najiulizaka, kama angekubali, leo ungekuwa unanisumbua na kingereza ya Zambia.

Sasa kuko benye kusema Katanga tayari ni eneo ya fulani. Miye sikubali. Reli ya TAZARA, ya kutoka Zambia mpaka Dar es Salaam, Bachina balijenga miaka ya 1970, ile ya Lobito, bandari ya Angola, Bamarekani na Ulaya banaitilia makuta, kila mutu anavuta shaba upande wake. Bangali banagombana, na bakigombana unaweza kuuliza bei mara mbili. Muti wa maembe haujapandwa bado.

Mama mumoja wa mukate alihama, mwenzake anauzisha avenyu muzima. Mama yako sasa anapika yake nyumbani, inaungua kidogo, tunakula.

Papa yako