Kabla Hujairudisha Skrini Pana, Angalia Waya Wake

Mteja ananunua skrini pana ya inchi 40, anafungua boksi kwa furaha, anachomeka waya uliokuwa mezani tangu enzi za skrini ya zamani, kisha anatuandikia: "Mmeniuzia mbovu." Dalili zinafanana karibu kila mara. Kipanya kinaburuzika kana kwamba kina tope miguuni. Picha imevutwa mpaka duara limekuwa yai. Au kuna mistari minene myeusi pembeni, na picha ya kawaida imejibanza katikati. Skrini hizo tunazipokea na kuzijaribu, na nyingi ni nzima kabisa. Ugonjwa uko njiani, kati ya kompyuta na skrini.

Hesabu yake si ngumu. Skrini kama hiyo, ya 5120 kwa 2160, ina pikseli, yaani nukta za picha, zaidi ya milioni 11. Kila pikseli inahitaji biti 24 za rangi, na picha nzima inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Zidisha, utapata karibu gigabiti 16 kila sekunde, na hapo hatujagusa nafasi ndogo zinazoachwa kati ya picha na picha. Sasa itazame HDMI 2.0, aina ya tundu la kutolea picha iliyomo kwenye kompyuta nyingi zinazotumika hadi leo. Inatangazwa kwa gigabiti 18, lakini sehemu ya hizo ni nauli tu ya kusafirisha data. Zinazobaki kubeba picha ni 14.4. Mzigo haupiti. Kompyuta nayo haisemi kitu, inashusha kasi kimyakimya hadi hezi 30, yaani picha 30 kwa sekunde, na ndipo kipanya kinapoanza kuburuzika.

Kompyuta nyingine huamua kupunguza rangi badala ya kasi. Ukiona maandishi mekundu yana ukungu kwenye kingo huku meusi yakiwa safi, umeshampata mchawi.

Skrini hiyohiyo ukiipa DisplayPort 1.4, aina nyingine ya tundu la picha, njia inakuwa na karibu gigabiti 26 za picha, na kila kitu kinatulia. HDMI 2.1 iliyokamilika inafika karibu 42. Tunasema "iliyokamilika" kwa makusudi: jina la HDMI 2.1 linaruhusiwa kuandikwa hata kwenye kifaa kisichofikia kasi hiyo, kwa hiyo muulize muuzaji idadi ya gigabiti, si namba ya toleo. Hata sisi tuulizeni.

Hapa tutoe neno kwa wanaoogopa upana. Skrini ya inchi 34 ya 3440 kwa 1440 ina pikseli kama milioni 5, wakati 4K ya kawaida (3840 kwa 2160) ina zaidi ya milioni 8. Ile pana ndiyo nyepesi kwa kadi ya picha! HDMI 2.0 inaibeba kwa hezi 60 bila jasho. Ni ile HDMI 1.4 ya kompyuta za zamani ndiyo inayokwama, mara nyingi kwenye hezi 50 au 30.

Malalamiko yanayotuchukulia muda mwingi zaidi, hata hivyo, ni ya USB-C. Ahadi yake inavutia: waya mmoja ubebe picha, data na umeme wa kuchaji. Shida ya kwanza ni kwamba si kila tundu la USB-C linatoa picha. Tafuta pembeni yake alama ya DisplayPort, yaani herufi D na P zilizoshikana, au alama ya radi ya Thunderbolt, njia ya kasi zaidi inayotumia tundu hilohilo. Kama hakuna alama, soma maelezo ya mtengenezaji kabla ya kununua chochote. Shida ya pili ni waya. Ule wa kuchajia simu unaingia vizuri, kompyuta inachaji, skrini inabaki giza. Kwa sura hautofautiani na wa picha, lakini ndani nyuzi za kasi hazimo.

Shida ya tatu imejificha zaidi. Ndani ya waya wa USB-C kuna njia nne za kasi. Skrini yenye matundu ya USB ya kasi pembeni huchukua njia mbili kwa ajili ya data, na picha inabaki na mbili. Kwa 3440 kwa 1440 hilo halisumbui. Kwa 5120 kwa 2160 linaweza kukurudisha kwenye zile hezi 30. Fungua menyu ya skrini yenyewe, si ya kompyuta, utafute sehemu ya kuchagua kipi kitangulie: ubora wa picha au kasi ya USB. Ukichagua picha, matundu yatashuka hadi USB 2.0; kibodi na kipanya havitajali, ila diski ya nje itakuchosha. Thunderbolt 3 au 4, yenye gigabiti 40, kwa kawaida inakuondolea uchaguzi huo. Ukiwa kwenye menyu hiyo, angalia pia toleo la DisplayPort, maana skrini nyingine hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwenye toleo la chini.

Na umeme: skrini inayotoa wati 65 kwa kompyuta inayotaka 100 itaacha betri ishuke taratibu mkiwa na kazi nzito. Hiyo nayo si ubovu.

Adapta tunaziuza, lakini hatuzipendi sana. Ya kutoa DisplayPort kwenda HDMI haifanyi kazi ukiigeuza, na adapta ya zamani katikati ya vifaa vipya inavishusha vyote hadi kiwango chake.

Mistari myeusi pembeni wakati wa kutazama video usiihangaikie. Video nyingi zina umbo la 16 kwa 9 na skrini ni 21 kwa 9. Filamu nyingi za sinema ndizo zinazoijaza.

Kabla ya kununua, tutumie picha ya matundu ya kompyuta yako pamoja na jina kamili la modeli, tutakujibu itafika hezi ngapi na kwa waya upi. Kama umeshanunua na una tatizo, njoo na waya uleule uliotumia. Huo ndio tunaoanza kuupima, na mara nyingi skrini haitoki hata kwenye boksi.