Steringi Kafa Mapema

Katwe, Kampala

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, ila mvua. Ikinyesha kidogo tu Katwe mitaro inafurika, karakana tunaifunga, tunakaa kupiga soga. Mwambie mkaza mjomba kanga zimefika salama.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu. Umeniuliza, katika picha nilizoziona tangu nije Uganda, ipi ya kwanza, ipi ya pili, na nisikuletee siasa. Haya.

Ya kwanza ni Who Killed Captain Alex? Najua umeshaguna. Wewe ndiye uliyetufundisha pale kwenye kibanda umiza chako Ngamiani, sisi tumebanana mkekani, kwamba steringi hafi. Risasi zitampita, gari litabiringika, yeye atatoka anajipangusa vumbi. Sasa humu Kapteni Alex ndiye tegemeo la jeshi dhidi ya genge la Tiger Mafia, na picha hata nusu haijafika anakutwa maiti. Anaingia nduguye, mtu wa kung-fu, kumsaka muuaji. Watu wanapigwa mateke, helikopta zinalipua mji, picha inakwisha, na muuaji hatutajiwi! Ungeionyesha wewe, wateja wangedai hela zao.

Lakini sikiliza. Aliyeitengeneza, Isaac Nabwana, alikuwa mfyatua matofali wa Wakaliga, uswahilini hapa hapa Kampala. Ilitoka mwaka 2010, na gharama yake inatajwa kuwa chini ya dola 200. Kompyuta aliziunga mwenyewe kwa vipuri. Bunduki zimechomelewa kwa vyuma chakavu, kazi ambayo mimi kama fundi naiheshimu. Damu ni rangi ya chakula iliyojazwa kwenye kondomu ili ipasuke vizuri (hapo usimsomee mkaza mjomba). Baadaye akahitaji nafasi kwenye kompyuta ya kutengenezea picha nyingine, akaifuta ile ya asili. Iliyobaki ndiyo yenye sauti ya VJ Emmie juu yake.

VJ ndiye Lufufu wa huku, msimuliaji wa picha. Anakaa na maiki, anawasemea Wazungu na Wachina kwa Kiganda. Wakubwa kama VJ Jingo jina lao linauza picha kuliko la steringi. Ila Lufufu alikuwa anatusimulia kisa, huyu Emmie anaitania picha yenyewe. Anakuonya kwamba vita inakuja, kaa sawa, kisha anamshangilia anayekufa. Nilipoiona mara ya kwanza kibandani kwetu, benchi za mbao, magunia dirishani, umeme ulikatika katikati ya mapigano. Kwetu watu wangepiga miluzi. Hapa kijana mmoja alisimama gizani akaendelea nayo kwa mdomo, bunduki, helikopta, VJ, vyote yeye. Umeme uliporudi tukamwambia mwenye kibanda asubiri, kijana amalize. Ndiyo maana ni ya kwanza, nawe bisha utakavyo.

Ya pili ni Queen of Katwe ya 2016, ya mwongozaji Mira Nair, kwa sababu ni mtaa wangu. Phiona Mutesi, binti muuza mahindi, anafundishwa sataranji na kocha Robert Katende mpaka anapanda ndege. Lupita Nyong'o ndiye mama yake, na anavyomtazama mwenye nyumba anayedai kodi, utasema kakulia hapa. Kasoro yake moja: matope ya Katwe yamekuwa na rangi nzuri mno. Kuna katoto, Gloria, ndiko kanakomwonyesha Phiona kwamba kete ndogo kuliko zote ikivuka ubao inageuka malkia. Aliyeigiza, Nikita Pearl Waligwa, alifariki mwaka 2020 kwa uvimbe kwenye ubongo, ana miaka 15. Sehemu ile sasa naangalia pembeni.

Ya tatu ni Mississippi Masala, ya Mira Nair huyo huyo. Mhindi mzaliwa wa Kampala anafukuzwa na Amin mwaka 1972, anaishia Marekani, moyo kauacha huku. Wewe na picha zako za Kihindi utaipenda, ingawa hawaimbi. Ya nne, The African Queen ya 1951, nimeiweka kwa ajili ya mto tu. Hadithi ni ya kwetu, enzi za Mjerumani, wakaja kuipiga Uganda na Kongo!

Imebaki moja, na hiyo utasema ni siasa. The Last King of Scotland. Forest Whitaker alipewa Oscar mwaka 2007 kwa kumwigiza Amin, na alistahili. Niliiweka kwenye runinga barazani, Jjajja mwenye nyumba wetu anamenya karanga kando yangu. Kiswahili cha wanajeshi kilipoanza kusikika mikono yake ikasimama. Akabeba ungo wake, akaingia ndani. Kesho yake akaniambia kwamba Kiswahili yeye alikifahamia kwenye vizuizi vya barabarani: kitambulisho, lala chini. Nami kila asubuhi nilikuwa namwamkia kwa Kiswahili, naona ni adabu.

Picha ile inaishia Entebbe, 1976. Babu yetu na wanajeshi wenzake waliovuka mpaka wa Mutukula mwaka 1979 hawamo. Nilitaka kumwambia Jjajja kwamba hata waliokuja kumng'oa Amin walikuja wakisema Kiswahili hiki hiki. Nikanyamaza. Siku hizi namsalimia kwa Kiganda changu kibovu, ananisahihisha. Juzi ndiye aliyeniuliza sukari kwetu tunaiitaje. Nikamwambia, sukari. Kwao ni ssukaali. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Picha hiyo sijaipa namba, uniwie radhi. Zile kanda za Lufufu kama panya hawajazimaliza, mpe dereva anayeleta barua hii. Deki nimeshapata, nimeifufua mwenyewe.

Mpwao