Neno la siri pekee halitoshi kulinda seva zetu

Ndugu Mhariri,

Shule, zahanati na SACCO za wilayani siku hizi zinatunza kumbukumbu kwenye seva za Linux, na fundi huziingia akiwa Kampala kwa SSH, yaani njia ya kuiendesha seva kutoka mbali. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Mlango wa kwanza wa kulindwa ni huo wa fundi.

Seva yenye poti 22, mlango wa kawaida wa SSH, iliyo wazi kwa intaneti hubishiwa hodi usiku na mchana na programu zinazobahatisha maneno ya siri. Asiyeamini aandike sudo journalctl -u ssh kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, asome mistari ya "Failed password for root", yaani majaribio yaliyoshindwa ya kuingia kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Dawa yake ni ufunguo wa SSH: jozi ya mafaili, la siri linalobaki kwako na la umma linalowekwa kwenye seva.

Kwenye laptopu yako andika ssh-keygen -t ed25519, na ufunguo wenyewe uupe neno la siri, maana laptopu huibwa kwenye teksi. Kisha ssh-copy-id ipeleke sehemu ya umma kwenye seva. Sehemu ya siri haitoki kwenye laptopu, wala haitumwi kwa WhatsApp hata kwa bosi.

Seva ikiendelea kudai neno la siri, mara nyingi kosa ni ruhusa za mafaili: kwenye seva, saraka ya .ssh iwe 700 na authorized_keys, faili la orodha ya funguo zinazokubaliwa, iwe 600, yaani mwenyewe tu ndiye azifikie, na saraka yako ya nyumbani isiandikike na mtu mwingine. Laptopu haitakuambia sababu. Sababu imeandikwa kwenye kumbukumbu za seva.

Ufunguo ukishafanya kazi, ndipo uzime kuingia kwa neno la siri na kuingia kama root: weka PasswordAuthentication no na PermitRootLogin no ndani ya faili la mipangilio ya SSH kwenye seva, /etc/ssh/sshd_config. Hapa wengi hunaswa. Kwenye Ubuntu, faili la 50-cloud-init.conf lililo ndani ya saraka ya /etc/ssh/sshd_config.d huweza kuwa na PasswordAuthentication yes, na SSH hushika thamani inayoisoma kwanza. Unadhani umefunga, kumbe mlango uko wazi. Hakikisha kwa sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication; jibu liwe "no".

Kabla ya sudo systemctl reload ssh, amri inayoanzisha mipangilio mipya, pima kwa sudo sshd -t kama mipangilio haina kosa la maandishi. Dirisha ulilonalo usilifunge. Fungua la pili ujaribu kuingia. Ukiwasha ngome ya ufw, tanguliza sudo ufw allow OpenSSH. Anayepuuza haya atapanda basi la usiku kwenda Arua kurekebisha mstari mmoja. Kuhamia poti 2222 kunapunguza makelele tu, si ulinzi.

Wakuu wa taasisi nao wadai kila fundi awe na ufunguo wake, kwa sababu ufunguo wa pamoja hauonyeshi nani aliingia. Anayeacha kazi, mstari wake ufutwe kwenye authorized_keys siku hiyo hiyo, na vipindi vyake vilivyo wazi vikatwe, kwani kufuta mstari hakumtoi aliyekwisha kuingia.

Fundi wa seva,
Mbarara