Salamu za Noeli kutoka Kibirizi, Kigoma

Tumsifu Yesu Kristo!

Ndugu wapendwa mlioko nyumbani Kigoma, nanyi mliotawanyika mbali kwa ajili ya kazi na masomo, nawatakia Noeli yenye amani. Naandika mvua ikinyesha, kama ilivyo kawaida yetu Desemba, na kwa wanaoishi ufukweni mvua hizi bado zinakumbusha mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipopanda hadi likaingia majumbani, na kabla watu hawajatulia, uvuvi ukafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Hatua hiyo ilikuwa na sababu njema, nami naiunga mkono, lakini kwa aliyezoea kuishi kwa dagaa ilikuwa miezi mitatu mirefu.

Mama yangu mkubwa ni mmoja wa waliohama. Maji yalipofika kizingitini alitoa magodoro, kisha vyombo, na mwisho akarudi mwenyewe, maji yakimfika magotini, kuchukua rozari iliyotundikwa kwenye msumari juu ya kitanda. Tulimlaumu sana, na hata leo naona hatukukosea. Jioni ile, tuliposali naye katika chumba cha kupanga, hakuomba maji yapungue. Alisema tu, "Bwana, umehama pamoja nasi, karibu katika chumba hiki."

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba imani ni dawa ya kuondoa shida, na shida isipoondoka nilijilaumu kwamba sikusali vya kutosha. Kumbe nabii Isaya, katika sura ya 43, hakuwaahidi watu wa Mungu kwamba hawatapita majini. Aliwaahidi kwamba watakapopita humo, Mungu atakuwa pamoja nao. Jina Emanueli tunaloliimba majira haya lina maana hiyohiyo, Mungu pamoja nasi, na mwenye jina hilo alizaliwa katika familia iliyokosa nafasi kwenye nyumba ya wageni, ambayo baadaye ilikimbilia Misri usiku. Sisi wa Kigoma, tuliopokea majirani kutoka Burundi na Kongo kwa miaka mingi, tunajua anavyoonekana mtoto aliyebebwa mgongoni usiku kucha.

Basi wewe uliyefiwa mwaka huu, au unayeuguza, au uliyepoteza kazi, sikwambii kwamba yatakwisha kesho, maana sijui. Nakuambia kwamba huko uliko Bwana yupo, na nakusihi usijifungie ndani siku ya Noeli. Njoo kwenye misa ya mkesha, hata kama utakaa benchi la nyuma ukilia. Nanyi wanajumuiya, mpitieni asiye na wa kumpitia, wala msiende mikono mitupu; kisado cha unga wa muhogo na dagaa kidogo vinatosha.

Mama mkubwa anawasalimu nyote. Rozari yake imepata msumari mpya, na migebuka, wale samaki wa ziwa letu, amekwisha kuiagiza kwa ajili ya sikukuu.