Kaunti zifungue rejista ya vitambaa vyetu

Mhariri,

Nimeshona nguo Nairobi kwa miaka 31. Mwaka jana binti yangu, ambaye ni muuguzi kule Inverness, kaskazini mwa Uskoti, alinikatia tiketi nikamtembelee. Wengi wa kwetu wakifika nchi ile hupiga picha chini ya ngome ya Edinburgh, mpuliza zumari akiwa pembeni, wakarudi. Mimi ni fundi, macho yangu yalikwenda kwenye kitambaa, na nilichokiona kinatuhusu.

Siku ya pili tulikwenda Culloden, si mbali na mji. Ni uwanda wazi wenye upepo wa kukata masikio. Bendera nyekundu zinaonyesha waliposimama askari wa serikali, na za samawati wafuasi wa Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyetaka kuurudishia ukoo wake kiti cha ufalme. Walipigana hapo tarehe 16 Aprili 1746 kwa muda usiotimia saa moja, na upande wa Stuart ukavunjwa kabisa. Mawe yaliyochongwa majina ya koo yamesimama kando ya njia. Lakini lililoniumiza nililisikia tukiwa kwenye basi la kurudi. Mwaka huohuo bunge la London lilipitisha sheria ya kuwavua wanaume wa milima ya Uskoti, walikotoka wengi wa wafuasi hao, vazi lao la miraba. Aliyekutwa nalo alifungwa miezi sita. Akirudia, alipelekwa ng'ambo miaka saba. Sheria hiyo haikufutwa hadi 1782. Nilimfikiria kijana aliyekuwa ameanza kujifunza ushonaji wakati ule. Siku ya kuruhusiwa tena angekuwa na mvi, na mikono imesahau.

Haikusahau yote. Mjini nilimpata mama mmoja anayeshona kilti, ile sketi ya sufu ya wanaume, akaniruhusu nikae karibu na meza yake. Kilti moja nzuri hula yadi 8 za kitambaa, zaidi ya mita 7. Mbele ni bapa. Marinda yote yako nyuma, na yeye huyashona kwa mkono. Huyakunja kwa hesabu ili miraba ikutane tena, hata ukimtazama mvaaji kwa nyuma utadhani kitambaa hakijakunjwa. Kila kunjo lilionekana kwa upana wa kidole gumba changu. Nikageuza upande wa chini nikitafuta pindo. Hakuna pindo! Hutumia ule ukingo wa kitambaa kama ulivyotoka kwenye mtambo, kwa hiyo urefu wote hupimwa kuanzia juu, na ukikosea kiunoni huna pa kufichia. Nimeshona sare za shule zenye marinda maelfu kwa maelfu, na nilimvulia kofia yule mama.

Ni yeye pia aliyenieleza kwamba michoro mingi ya koo, yaani miraba inayotambulisha kila ukoo, si ya kale sana. Ilipata nguvu baada ya Mfalme George wa Nne kuzuru Edinburgh mwaka 1822, mapokezi yakipangwa na mwandishi Walter Scott. Leo kila mchoro unaweza kuandikishwa. Bunge lao lilitunga sheria mwaka 2008, na tangu 2009 rejista ya taifa iko Edinburgh. Binti yangu aliifungua kwenye simu tukiwa jikoni: unaandika jina, unaona mchoro, rangi zake na mpangilio wa nyuzi.

Sisi je? Shuka la Kimaasai, kikoi, leso. Jora za miraba ninazouziwa hapa mjini nyingi hutoka nje ya nchi. Kuna wakati kampuni moja ya Uingereza ilitaka kulisajili jina la kikoi kama mali yake, hadi Wakenya wakapinga. Mwaka 2004 tulitafutiwa vazi la taifa, nalo halikushika. Na sheria tunayo: ile ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni inazitaka kaunti ziweke rejista. Nilikwenda katika ofisi moja kuuliza inafunguliwa wapi. Nilitumwa dirisha hadi dirisha, mwishowe nikaambiwa nirudi baada ya likizo. Nilirudi, hakuna aliyejua ninazungumzia nini.

Ninaomba kupitia gazeti lako kaunti zitangaze rejista hiyo iko wapi, nani anaishika, na fundi au mama wa mtaani aandikishe vipi. Wazee wanaojua maana ya rangi za shuka wanatutoka, na leso zinatupwa wenyewe wakifa.

Marehemu mama yangu, wa Pumwani, aliniachia kasha la leso. Nimezihesabu, ni 43. Kila moja nimeandika kwenye daftari pindo lake la pembeni, mji wake, yaani mchoro wa katikati, na jina lake, yaani maneno yaliyochapishwa, nikianzia na ile ya "Wema hauozi" aliyonibebea mgongoni. Daftari liko tayari, nioneshwe tu dirisha.

Fundi cherehani,
Mtaa wa Biashara, Nairobi