Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Mwaka 2024 ulipokwisha, kazi yetu kubwa ilikuwa kupokea wakimbizi wenzetu wanaofika hapa Marekani. Mwaka wa bajeti wa Marekani ulioishia Septemba ile uliingiza wakimbizi zaidi ya 100,000, na Kongo ndiyo iliyoongoza. Vijana wetu walizoea kwenda uwanja wa ndege usiku na kumtambua mtu wetu kwa ule mfuko mweupe wa IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, aliokuwa ameukumbatia kifuani.

Tarehe 20 Januari 2025 amri ya rais ikasimamisha mpango mzima wa kupokea wakimbizi. Waliokuwa kwenye kambi za Nyarugusu, Tanzania, na Nakivale, Uganda, wamekwisha kupimwa afya na kupewa tarehe, wakaambiwa safari imefutwa. Wengine walikuwa wameshauza magodoro na masufuria. Siku nne baadaye mashirika ya kupokea wakimbizi yakaandikiwa barua yasimamishe kazi, hata kwa waliokwisha kufika ambao bado walikuwa ndani ya zile siku 90 za mwanzo za huduma kwa mgeni.

Hapo ndipo mambo yalipotugeukia. Wakalimani na wahudumu waliokuwa wakitujazia fomu, wengi wao wakimbizi wenzetu waliotutangulia, walianza kuachishwa kazi wakati wateja wao wanakosa kodi. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka watoto wa watu chanjo kwa gari lake alikuja kwenye kamati jioni, kitambulisho cha kazi bado shingoni, kuombea kodi familia aliyoipokea majuzi. Kodi ya kwake mwenyewe hakuitaja. Tuliisikia baadaye, kwa majirani.

Kamati ikafungua mfuko wa rambirambi ulipe kodi za nyumba. Najua baadhi ya wazee walinung'unika kwamba pesa ya msiba haiguswi. Niliwasikiliza, na bado naona tulifanya sawa. Hesabu atazisoma mhazini.

Julai ikaja sheria iliyowaondoa kwenye stampu za chakula, ule msaada wa serikali wa kununulia chakula, wakimbizi wasio na grinikadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Tukahimiza kila aliyetimiza mwaka hapa nchini aiombe. Novemba idara ya uhamiaji ikasimamisha maombi ya grinikadi ya wakimbizi walioingia tangu 2021. Wanaoniuliza kila Jumapili nje ya kanisa, jibu ni lilelile: tunza risiti ya ombi lako, ukihama toa anwani mpya, na usimpe hela mtu anayedai ana njia ya kuharakisha. Watu hao wameshaanza kuzunguka.

Kikomo kilichotangazwa mwaka 2025 kwa mwaka wa bajeti wa 2026 kilikuwa wakimbizi 7,500 kutoka dunia nzima, na nafasi nyingi walitengewa Wazungu wa Afrika Kusini. Kwa hiyo wanaosubiri ndugu kutoka kambini wasipange nyumba kubwa kwa sasa.

Kamati inaleta mapendekezo mawili. Kwanza, mfuko ugawanywe, upande mmoja msiba, mwingine kodi. Pili, wahudumu walioachishwa kazi waingie chamani bila kiingilio, maana wao ndio wanaojua fomu hizi kuliko sisi sote. Kura tutapiga mhazini akimaliza.