Dakika tano za nepi: barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Kaunti ya Kisumu

Mheshimiwa Waziri,

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti elimu ya chekechea pamoja na vituo vya kulelea watoto. Chekechea ina walimu wenye vyeti. Walio chini ya miaka mitatu, wanaoachwa katika mitaa ya Nyalenda, Manyatta na Obunga mama zao wakiwahi soko la Kibuye, wanalelewa na "yaya". Amri ya serikali ya kima cha chini cha mishahara nayo inamwita hivyo, kundi moja na mfagiaji na mtunza bustani: shilingi 16,113.75 kwa mwezi katika amri ya Novemba 2024, bila marupurupu ya nyumba.

Hata hizo zitoke wapi? Tuseme kituo kina watoto 12, kila mmoja shilingi 50 kwa siku, siku 26. Ni 15,600. Hapo kodi bado, makaa bado, unga wa uji bado, maji ya mtungi bado. Basi mwenye kituo anaongeza watoto, mlezi ni yule yule.

Sasa hesabu kazi. Mtoto mchanga abadilishwe nepi mara nne tu. Kumvua, kumpangusa, kumvalisha nyingine na kunawa kwa sabuni ni dakika tano ukiharakisha. Kwa watoto 12, saa nne zimekwisha na hujalisha mtu. Kinachorukwa kwanza ni sabuni, na kuhara kwa mmoja kunazunguka chumba kizima. Kinachofuata ni maongezi: mtoto analazwa, ananyamazishwa, hasemeshwi.

Tafadhali usianze kwa kudai stashahada. Kozi za chekechea zinamlenga mwalimu wa PP1 na PP2, yale madarasa mawili ya kabla ya darasa la kwanza, na mama wa miaka 50 aliyeishia darasa la nane chuo hakimpokei. Fundi wa jua kali hupimwa ujuzi alioupata kazini akapewa cheti. Mlezi naye apimwe kituoni, mikono ikiwa kazini. Je, anamlaza mtoto chali? Mchanga akipaliwa, anajua kumpiga mgongoni mara tano, kisha kumbonyeza kifuani mara tano? Msichana anampangusa kutoka mbele kwenda nyuma? Aliyeshindwa moja afundishwe hiyo moja, apimwe tena mwezi ujao.

Akishapata cheti, kaunti imwongezee mshahara kwenye M-Pesa yake mwenyewe, si ya mwenye kituo, kwa sharti kwamba halei wachanga zaidi ya wanne. Bila sharti hilo mtalipia msongamano.

Wanaume nao waajiriwe. Wazazi wanaogopa, na hofu hiyo si ya kuchekwa, ila dawa yake ni kanuni zinazombana kila mlezi: cheti cha tabia njema, mlango wazi, watu wazima wawili mtoto anapooshwa. Na kwa kuwa Kondele chumba kimoja huwa na watoto wa Kijaluo, wa Kiluhya na wa Kiswahili, anayewasemesha kwa lugha zaidi ya moja ahesabiwe hilo kuwa ujuzi.

Makadirio ya bajeti hufikishwa Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30. Tunaomba humo kifungu chenye jina la walezi, wasifichwe chini ya "mengineyo".

Ni sisi,
Walezi na wakufunzi wa malezi ya awali, Kisumu